Maneno ya Pembeni Sikuyaandika

Jumapili, tarehe 15 Machi. Mvua ilianza kabla watu hawajatoka kanisani na haikuacha mpaka saa tisa alasiri. Barabara yetu ya Nyamwaga ikawa tope tupu, na gari lililomleta Profesa Agripina likakwama kule chini kwenye migomba ya jirani, akapanda kwa miguu huku viatu kavishika mkononi. Ana miaka sitini na kitu sasa, amestaafu kufundisha sheria chuo kikuu. Alikuja kwa sababu ya kaka yangu Marwa, ambaye tumemzika wiki tatu zilizopita. Daftari hili nimeliandika miaka mingi, mambo ya mvua na ndama na nani kaolewa wapi, lakini mwaka ule niliofanya kazi na Profesa sijawahi kuuandika. Leo nitajaribu. Nimeishia darasa la saba, na kumbukumbu yangu siiamini sana, maana jambo ukiliwaza muda mrefu mwisho hujui lipi uliliona kwa macho na lipi umeliongeza mwenyewe. Nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Wakati ule hakuwa Profesa. Tulimwita Mwalimu. Alikuwa anafundisha sheria za jinai, na alikuja kwetu kukusanya habari za kuandikia udaktari wake. Alipanga kwa Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, ambaye mimi Bhoke niliishi kwake, na Marwa ni mwanawe wa pili. Chumba alichopewa kilikuwa stoo ya mahindi. Tulikifagia siku mbili lakini harufu ya dawa ya kuulia wadudu haikutoka, ikaingia mpaka kwenye nguo zake na karatasi zake. Meza yake ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na kitasa chake kilibaki palepale, akawa anakitundikia miwani. Siku ya kwanza Mama Mkubwa alimuuliza amekuja kutafuta nini, akasema anataka kujua jambo moja: serikali ikimfunga mwizi, aliyeibiwa anapata nini? Mama Mkubwa akafikiri, akasema anapata usingizi, kama mwizi ni jirani. Mwalimu alicheka, akaliandika. Halafu akatueleza kwamba kuna haki ya kumvunja aliyevunja, na kuna haki ya kutengeneza kilichovunjika, na kwamba hiyo ya pili wasomi wa nje wanaisifu kama kitu kipya wakati wazee wa huku wanaifanya tangu zamani. Alisema anataka kuwaonyesha. Nilimpenda kwa neno hilo. Nakiri hivyo kwa sababu sitaki mtu asome hapa adhani nilikuwa namchukia tangu mwanzo.

Kazi yangu nilipata kwa sababu ya mwandiko. Mwalimu hakujua Kikurya, na aliona barua niliyomwandikia Mama Mkubwa kwenda kwa ndugu zake, akauliza nani ameiandika. Akaninunulia kaunta buku yenye jalada gumu jeusi na kalamu mbili. Nilikuwa na miaka ishirini, sijawahi kuajiriwa na mtu. Alinifundisha namna ya kuandika kikao. Kwanza, andika kilichosemwa, usiongeze chako hata kama unajua zaidi. Pili, andika maneno ya anayesimama kuzungumza; wanaonong'onezana pembeni waache, kwa sababu hayo si maneno ya kikao. Alinipa mazoezi. Nilikaa jikoni nikaandika mazungumzo ya watu wa nyumbani, jioni nikamsomea, naye akakata kwa kalamu nyekundu kila mahali nilipoweka neno langu. Marwa alifurahia sana mchezo huo. Alianza kuniita Karani. Akiingia jikoni anasimama mlangoni, anakohoa kama mzee wa baraza, anasema, Karani, andika, leo mboga haina chumvi. Nikimwambia anipishe anasema, Karani, andika pia kwamba amenifukuza. Mwalimu alicheka mpaka akashika ubavu. Mwanzoni ugali wetu wa mtama na muhogo ulimshinda, alikula ndizi za kuchoma na chai tu, lakini baada ya mwezi alikuwa anaomba ukoko. Nasema haya ili ieleweke tulivyokuwa. Hatukuwa na mgeni na wenyeji. Alikuwa mtu wa nyumbani.

Kabla ya mavuno ya mtama, Chacha, kaka mkubwa wa Marwa, alikwenda na wenzake upande wa Serengeti, wakachukua ng'ombe Ringwani. Ilikuwa alfajiri. Mwenye ng'ombe, Mzee Wambura, alitoka kuwazuia, wakamkata kwa panga, na mkono wake wa kulia haukufanya kazi tena. Ng'ombe zilipitishwa mpaka Kenya, na Chacha akavuka nazo kwa njia ya Sirari. Hajarudi mpaka leo. Siku hiyo Marwa alikuwa amelala jikoni kwetu kwenye ngozi, ana malaria siku ya tatu. Nilimpikia uji, nikampa klorokwini, akashinda anajikuna mwili mzima kama tulivyokuwa tunajikuna wote kwa dawa ile, huku ananilaumu kwamba nimemwekea upupu. Hili nina hakika nalo. Mengine naweza kuchanganya, hili hapana.

Polisi walifungua jalada lakini hawakumpata mtu. Wazee wa pande mbili ndio walioanza kutumiana watu, kwa sababu walijua jambo likikaa hivyo vijana wa Ringwani watakuja kulipiza. Wakakubaliana kuitisha ritongo, yaani kikao cha wazee wa kwetu kinachosikiliza mashauri ya namna hiyo, na kwa kuwa kosa lilikuwa la watu wa wilaya mbili wakachagua kukaa Nyansurura. Mwalimu alipopata habari hakulala vizuri kwa furaha. Miezi saba alikuwa anasimuliwa tu habari za vikao vya zamani, sasa anakwenda kukiona chenyewe.

Hapa kuna jambo ambalo lazima nilieleze vizuri, kwa sababu kila kitu kilitokana nalo. Kikao cha kupatana hakiwezi kukaa bila mtu wa kusimama. Walioumizwa hawawezi kusamehe hewa. Sasa aliyefanya akiwa amekimbia, nyumba yake inamtoa mwingine, wa tumbo moja akiwepo, anasimama mbele ya watu na kulichukua lile kosa kama lake. Hasemi namwakilisha fulani. Anasema ni mimi. Watu wote pale wanajua siye. Anayesamehe anajua, wazee wanajua, wanawake wanaopika wanajua. Lakini ameubeba uso wa nyumba yake akauleta, na anayesamehe anausamehe uso huo, na kuanzia hapo hakuna wa kulipiza. Wazee walimchagua Marwa. Alikuwa hajaoa, hana maneno mengi nje, na Mzee Wambura asingeona kama anatukanwa kwa kuletewa mlevi. Jioni ile alikuja jikoni akakaa kwenye kigoda, akaniuliza, kwa hiyo mimi ndiye nimemkata mzee wa watu? Mimi ambaye kuku nikimshika anatoroka na nusu ya shingo? Tulicheka. Mama Mkubwa hakucheka, alimwambia akanyoe nywele.

Mwalimu hakujua. Wala hakufichwa. Lilikuwa jambo ambalo hatulisemi kwa sababu kila mtu analo, kama vile mtu haandiki kwamba watu walifika kwa miguu yao. Nami nilifikiri msomi kama yule, aliyekaa nasi miezi saba, atakuwa anajua. Ningeweza kumuuliza. Nimejilaumu kwa hili mara nyingi, halafu najiuliza ningemuuliza nini hasa, kwa sababu hakuna anayeuliza jambo analodhani kila mtu analijua.

Kikao kilikaa penye josho la zamani, lile lililoachwa kuogeshea ng'ombe, wazee wakiwa wamekalia ukuta wake wa saruji. Mzee Gesase ndiye aliyeongoza. Alipomwona Mwalimu na suruali yake akasema huyu akae na wanaume, na msichana wake aliyevaa gauni akae na wanawake, na kitabu kikae katikati. Watu wakacheka, Mwalimu akaniuliza wanasema nini, nikamtafsiria, naye akacheka baada ya wenzake kumaliza. Mwisho nilikaa nyuma yake, kaunta buku kwenye magoti. Marwa alivua viatu, akasimama mbele ya Mzee Wambura. Akasema, "Ni mimi. Nilikuja kwenu alfajiri, nikachukua ng'ombe zenu, nikakukata mkono. Nimekuja uniangalie." Nikaandika. Mzee Wambura alimtazama muda mrefu. Halafu akainama kwa mzee aliyekaa kushoto kwake, akasema kwa sauti ndogo, na mimi nilikuwa karibu nikasikia, "Yule alikuwa mnene. Huyu wamemleta amekonda hivi, hawakumlisha?" Mzee mwenzake akatikisika kwa kicheko bila kutoa sauti. Mzee Wambura akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akamshika Marwa bega. Akasema kwa wote, "Nimemwona. Sina neno naye tena." Nikaandika hilo pia. Lile la unene sikuliandika, kwa sababu lilikuwa la pembeni.

Ng'ombe wa fidia walitolewa kwenye zizi la Mama Mkubwa, mbuzi akachinjwa, watu wakala. Mwalimu alikuwa na machozi. Njia nzima ya kurudi alikuwa anazungumza, nadhani na nafsi yake kuliko mimi, kwamba hajawahi kuona mtu mwenye kosa akisimama wima namna ile bila wakili, bila kujitetea, na mwenye kidonda akamgusa kwa mkono. Nyumbani akamkumbatia Marwa. Marwa akaniangalia juu ya bega lake, akakonyeza jicho. Mpaka leo nauona ukonyezo ule, na nafikiri kama ningemwambia Mwalimu papo hapo kwa nini anakonyeza, mambo yangekwenda vingine. Lakini nilikuwa nafurahi. Mwalimu alikuwa amesoma kaunta buku yangu yote na hakukata neno hata moja.

Alichofanya baadaye alikifanya kwa nia njema, naandika hivyo na sitaki kufuta. Aliogopa lile jalada la polisi. Alisema kesi ikibaki wazi siku moja watamkamata mtu, na kupatana kote kutaharibika, kwa hiyo lazima serikali ionyeshwe kwamba jambo limekwisha. Sheria, alisema, inaruhusu mahakama kuwasaidia watu kupatana. Akanakili kurasa zangu, akaziambatanisha na barua nzuri ya chuo kikuu, akazipeleka mwenyewe polisi. Mzee Gesase aliposikia alikuja nyumbani, akasimama uani akiwa na fimbo, akamuuliza Mwalimu kwa Kiswahili chake cha shida, "Mama, maneno ya josho umeyapeleka wapi?" Mwalimu akamweleza taratibu, kwa heshima, na shikamoo mbele. Mzee akasikiliza yote, akasema wewe umesoma, labda unajua, akaondoka. Kumbe ile ruhusa ya sheria ni ya makosa madogo. Unyang'anyi wa kutumia silaha haupatanishwi. Wale walioletewa barua walisoma kurasa zangu kama zilivyoandikwa: mtu anasema ni mimi, anataja alfajiri, anataja ng'ombe, anataja mkono. Wakaja kumchukua Marwa siku ya gulio, akiwa anafunga ndizi.

Ndipo nilipomwambia. Mwalimu alikuwa ameketi stoo, kwenye kitanda chake cha kamba, nikamwambia Marwa hakuwepo, alikuwa jikoni na malaria, aliyekata ni Chacha. Alinitazama kama nimemtukana. Akasema, "Lakini umeandika mwenyewe." Nikamwambia niliandika alichosema. Alitoka akaenda kutapika nyuma ya choo, nilimsikia. Kesho yake alikwenda kuwaeleza, wakamwambia yeye hakuwepo Ringwani, hajui alikuwepo nani, anachojua ni alichosikia kwenye kikao, na alichosikia kimeandikwa. Alizunguka wiki tatu. Halafu muda wake ukaisha, chuo kilimtaka arudi, na nafasi yake ya kusoma nje ilikuwa imefika. Aliondoka analia. Sisi tulibaki. Sijui kama kuna namna ya kuandika sentensi hizo mbili bila kuonekana namlaumu. Angebaki angefanya nini? Labda hakuna. Lakini aliondoka.

Kesi ilisikilizwa mwaka huohuo, mvua za vuli zikiwa zimeanza. Mzee Wambura aliitwa akasema hana neno na kijana huyu, wameshapatana, na nadhani hilo lilimuumiza Marwa zaidi, kwa sababu ilionekana kama mzee amenyamazishwa kwa ng'ombe. Halafu nikaitwa mimi, shahidi wa mashtaka, kwa kuwa mwandiko ni wangu. Chumba kilikuwa kidogo, benchi limelegea mguu, na kila nikijitikisa linapiga sakafu. Nilionyeshwa kaunta buku. Huu ni mwandiko wako? Ndiyo. Mshitakiwa alisema maneno haya? Ndiyo. Uliongeza kitu? Hapana. Marwa hakuwa na wakili. Hakimu akamuuliza kama ana swali kwa shahidi. Alisimama, amenyolewa, akaniangalia kidogo, akasema, "Sina swali kwa dada." Nafikiri, ila hakuwahi kuniambia, kwamba alikuwa anamfikiria yule mzee na mkono wake wa kushoto. Angesema sikuwepo, Mzee Wambura angekuwa amepatana na nani? Na vijana wa Ringwani wangeanza upya. Halafu hakimu, na nataka iandikwe kwamba alikuwa mtu mpole, akanigeukia akaniuliza kama nina la kuongeza.

Nilikuwa na la kuongeza. Lilikuwa mdomoni. Nyuma yangu walikaa wazee wa nyumba yetu, na nilijua nikisema Marwa alikuwa jikoni swali linalofuata ni nani alikwenda, na jibu lake ni Chacha, mtoto wa mama yuleyule. Pia niliogopa, basi, woga wa kawaida wa mtu aliyesimamishwa mbele ya watu. Na pia, hili ndilo linanitia aibu kuliko yote, niliisikia kalamu nyekundu ya Mwalimu: usiongeze chako. Sijui ni lipi kati ya hayo lililonifunga. Nikasema, "Hapana." Nikashuka. Marwa alihukumiwa kifungo cha miaka thelathini.

Mama Mkubwa hakuwa amekwenda mahakamani. Alisema hawezi kukaa mahali ambapo mtoto mmoja akitoka mwingine anaingia. Niliporudi alikuwa anapepeta mtama mlangoni. Hakuuliza amefungwa miaka mingapi. Aliuliza, "Umewaambia alikuwa hapa?" Nikamwambia, "Nimewaambia. Hawakusikia." Akatikisa kichwa, akaendelea kupepeta.

Marwa alikaa ndani miaka tisa. Profesa ndiye aliyemtafutia wakili wa rufaa, bila kuombwa, na hilo ni deni tulilonalo kwake. Rufaa ilimtoa, lakini si kwa sababu hakuwepo. Ilimtoa kwa sababu hati ya mashtaka iliandikwa vibaya. Karatasi ilimwingiza, karatasi ikamtoa, na hakuna karatasi hata moja iliyowahi kusema alikuwa wapi alfajiri ile. Alirudi na kikohozi na tabia ya kula haraka huku amezungushia mkono sahani. Hakuwa na ukali na mimi. Aliniheshimu. Lakini hakuniita Karani tena, aliniita dada, kama alivyosema mahakamani, na kila akiniita nilisimama tena kwenye kile chumba. Wazee wetu nao hawakukaa tena kikao chenye mtu wa nje, na walipokaa wenyewe hakuna aliyetaka kusimama. Ng'ombe zikichukuliwa, zinachukuliwa. Watu wanalipiza. Sisemi yote ni kwa sababu yetu, nyakati nazo zimebadilika, lakini Mzee Gesase alikufa akiamini hivyo.

Profesa alisonga mbele. Nasikia alikuwa mtu mkubwa wa mambo ya kupatanisha wahalifu na waliowakosea, anaitwa kwenye mikutano, wanafunzi wake wengine ni mahakimu, na nasikia pia kwamba kwenye mikutano hiyo alipigania sana maneno ya kikao cha kupatana yasitumike kumfunga mtu. Nadhani hayo aliyajua kwetu. Aliandika kitabu, na sura moja ni ya josho la Nyansurura. Alinitumia. Ni Kiingereza, mwalimu wa sekondari akanisomea jioni tatu. Ndani yake Marwa anaitwa M., na kila mahali M. ni mkosaji. Mkosaji alisimama. Mkosaji alitubu. Serikali ikamwadhibu mkosaji aliyekwisha samehewa. Nilimwandikia nikamuuliza kwa nini, wakati anajua. Alinijibu kurasa nne. Alisema akiandika kwamba aliyesimama hakuwa mwenye kosa, wasomi watasema wazee wetu ni waongo na haki yao ni maigizo, na yote aliyopigania yataanguka. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi. Inawezekana alikuwa sahihi. Wangetucheka. Ila mimi naona kwamba kile kikao hakikuwa maigizo, na kama angekieleza kama kilivyokuwa labda mtu mmoja huko nje angekielewa. Hakutaka kujaribu. Sura isingekuwa nzuri.

Leo alikaa chumba cha mbele na Mama Mkubwa, ambaye macho yake yamekwisha lakini masikio bado. Nilikaa katikati yao nikatafsiri, kama zamani. Profesa amezeeka, kikombe anakishika kwa mikono miwili. Alitoa rambirambi. Halafu akasema amefundisha watu miaka yote kwamba mwenye kosa asimame mbele ya aliyemkosea, na yeye mwenyewe hajawahi kusimama. Akasimama kweli, miguu mitupu yenye tope. Akasema, "Nilichukua maneno ambayo hayakuwa yangu nikayapeleka mahali yasipotakiwa kwenda. Kosa lote ni langu. Bhoke alifanya nilivyomwelekeza." Nikatafsiri neno kwa neno, na la mwisho pia. Mama Mkubwa alipapasa ukingo wa kanga. Kisha akasema nimuulize Profesa jambo moja. Bhoke alisema hawakusikia; yule hakimu, alipoambiwa kwamba Marwa alikuwa hapa jikoni na malaria, alijibu nini?

Nilimtafsiria Profesa. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Profesa amesoma mwenendo wote wa kesi, wakati wa rufaa ulipita mikononi mwake. Anajua niliulizwa nini na nilijibu nini. Aliniangalia, na nikaona anaelewa kwamba nimeishi na mama huyu miaka yote hii juu ya neno ambalo halikusemwa. Akakaa chini taratibu. Akasema kwa Kiswahili, polepole, "Mwambie hawakusikia."

Alinipa hiyo kama zawadi, nadhani ndicho kitu pekee alichokuja nacho ambacho kingenifaa. Angeongopa kwa ajili yangu, akabeba na hilo juu ya mengine yake. Nami nilifungua mdomo kutafsiri. Sijui kilichonizuia. Nisingependa kusema ni uadilifu, kwa sababu uadilifu ungekuja mapema. Labda ni uchovu tu. Labda ni kwamba Marwa amekufa na hakuna tena wa kuumia ila mimi. Nilimwambia Mama Mkubwa kwa Kikurya, "Anasema hawakusikia. Anasema hivyo kunisitiri. Sikuwaambia, Mama. Hakimu aliniuliza kama nina la kuongeza, nikasema hapana. Wewe nilikudanganya."

Mvua ilikuwa imeacha. Nje vijana walikuwa wanasukuma gari, wanahesabu moja mbili tatu na kutukanana. Profesa hakuelewa nilichosema lakini aliona uso wa Mama Mkubwa, akashika mkoba wake. Mama Mkubwa aligeuza kichwa upande wangu, si hasa nilipo bali karibu, akasema, "Mwambie mgeni gari lake limetoka." Nikamwambia. Profesa aliinama akamshika mikono, akaniaga, akanipa kitabu kingine, toleo jipya, akasema ukurasa wa shukrani una jina langu. Nilimsindikiza mpaka kwenye migomba. Niliporudi Mama Mkubwa alikuwa ameingia chumbani kwake na mlango umerudishwa.

Tangu Marwa afungwe, mimi ndiye ninayempikia Mama Mkubwa, asubuhi na jioni, hata siku nilizokuwa naumwa. Leo nimepika ugali wa mtama na mboga ya mgagani niliyoichemshia maziwa, nikampakulia, nikampelekea mlangoni. Alikuwa ameshamwita Ghati, mke wa mjukuu wake, wa nyumba ya upande wa zizi. Ghati alipita mbele yangu na bakuli limefunikwa, akanisalimu bila kuniangalia, akaingia. Ilikuwa viazi na chai ya rangi. Nilisikia wanakula.